Kabla Hujanunua Hedseti ya VR, Pima Sebule Yako

Umejaribu VR kwa rafiki, umevua ile miwani mikubwa huku bado unacheka, na sasa unataka ya kwako. Vizuri. Lakini usianze na duka, wala na video za watu wa Marekani wanaolinganisha skrini. Umeme wao haukatiki kama wako, na intaneti yao hawainunui kwa bando. Anza na nyumba yako hapa Mbuya, Kampala: nafasi, umeme, mwanga na intaneti. Ukishajua hayo manne, utabaki na hedseti mbili au tatu tu za kuchagua.

Chukua tepu ya fundi, pima sakafu. Usipime chumba kizima. Sogeza meza pembeni, kisha pima sehemu iliyobaki wazi. Ukipata mita 2 kwa mita 2, unaweza kucheza gemu za kusimama, kupiga hatua na kurusha ngumi. Meta na Sony wote wanapendekeza kipimo hicho.

Sasa simama katikati, nyosha mikono pande zote, kisha juu. Umegusa taa? Feni? Pazia? Televisheni iko umbali gani? Ukiwa ndani ya VR huoni chochote, na mkono wako utaruka kwa nguvu zote. Chochote ulichokigusa sasa, utakivunja baadaye.

Kama unakaa kwenye nyumba za juu ya mlima, nafasi haitakusumbua. Kama uko kwenye muzigo wa chumba kimoja kule Kinawataka, kitanda na kabati vimeshachukua sakafu. Bado unaweza kucheza. Tenga mita 1 kwa mita 1, weka kiti, na upange mapema kununua gemu za kukaa: mbio za magari, ndege, mafumbo, gofu ndogo. Usinunue gemu ya ndondi halafu ukampiga mwenzako sikio.

Umeme ndio utakaoamua aina ya hedseti kuliko kitu kingine chochote. Kuna aina tatu. Ya kwanza inajitegemea: kompyuta, betri na skrini vyote vimo ndani yake. Meta Quest na Pico ziko hapa. Ya pili inaning'inia kwenye PlayStation 5. Ya tatu inaning'inia kwenye kompyuta yenye kadi kubwa ya picha. Umeme ukikatika, ya kwanza inaendelea kucheza. Hizo mbili nyingine zinazimika uko katikati ya mbio, na PS5 haipendi kuzimwa hivyo kila jioni.

Fikiria Yaka pia, ule umeme wa kulipia kabla. Chaja ya Quest ni ya wati 18. PS5 ikicheza gemu nzito hufika wati 200 hivi, kabla hujawasha televisheni. Ukinunua token mwenyewe, tofauti utaiona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Mbuya anayenunua hedseti ya kwanza ni huu: chukua inayojitegemea, isipokuwa tayari una PS5 au kompyuta ya gemu, na una inveta au UPS ya kuibeba. Kununua PS5 kwa ajili ya VR peke yake, kwa umeme wetu, siungi mkono.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Hedseti hizi hujua ziko wapi kwa kamera zilizo usoni mwake, na kamera zinahitaji mwanga. Umeme ukikatika saa mbili usiku, betri ya hedseti ipo, lakini chumba kimekuwa giza, na hedseti huenda ikakulalamikia kwamba haikioni. Nunua balbu ya kuchaji, ile inayowaka yenyewe umeme unapokatika. Inauzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme, kutoka Nakawa hadi Kireka. Iweke sebuleni kabla hedseti haijafika.

Betri ya Quest 3 hudumu saa mbili na kidogo. Quest 3S hufika saa mbili na nusu hivi. Ukitaka zaidi, weka pawabenki mfukoni na uiunganishe kwa waya wa USB-C. Au nunua mkanda wa kichwa wenye betri nyuma, kama ule wa BoboVR. Huu wa pili naupenda zaidi. Unaongeza saa, na ule uzito wa nyuma unaondoa mzigo kwenye mashavu.

Tukija kwenye intaneti, jua kwamba gemu za VR unazipakua, na kubwa zake zinakula makumi ya GB. Hapa Uganda kila bando lina ushuru wa 12% tangu Julai 2021, pamoja na VAT. Ndiyo maana ukubwa wa hifadhi una maana kwako kuliko kwa mtu wa London. Quest haina sehemu ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu. Ikijaa, unafuta gemu, na ukiitaka tena unaipakua upya kwa bando jipya. Kama una uwezo, ruka GB 128. Chukua 256 au 512. Pesa unayoongeza leo hutailipa tena kwa kampuni ya simu.

Ukishapakua, gemu nyingi za mchezaji mmoja zinachezeka bila intaneti. Za kucheza na watu, kama Gorilla Tag, lazima uwe mtandaoni. Hiyo Gorilla Tag ni ya bure kwenye Quest, na watoto wataiomba kila siku, kwa hiyo ihesabu kwenye bando la mwezi.

Sasa jiulize unataka kucheza nini. Sema kwa jina la gemu. "Nataka VR" haitoshi.

Kama roho yako iko kwenye mpira, nakuambia mapema: EA Sports FC haipo kwenye VR. Ziko gemu ndogo za mpira, kwa mfano CleanSheet Football ambapo wewe ni kipa, na ni tamu. Lakini kama unachotaka ni kumfunga rafiki yako mabao manne na Arsenal, baki na PlayStation yako na usitumie hata shilingi.

Kama unapenda magari, Gran Turismo 7 kwenye PlayStation VR2 ni sababu halali ya kununua hedseti hiyo. Karibu gemu yote inachezeka ndani ya VR, isipokuwa ule mchezo wa watu wawili kwenye skrini iliyogawanywa. Kama tayari una diski yake ya PS5, hulipi tena.

Kama unataka kutoka jasho, Quest inakutosha. Beat Saber, unakata vipande kwa mapigo ya muziki. Eleven Table Tennis, mpira wa meza unaokaribia ule wa kweli kiasi kwamba watu hujaribu kuegemea meza. The Thrill of the Fight, ndondi tupu. Kampala ni mji wa ndondi, na kilabu cha East Coast kiko Naguru, ng'ambo tu ya Jinja Road. Raundi tatu za gemu hii zitakuonyesha kwa nini mabondia wale wanaamka alfajiri kukimbia.

Kama unataka hadithi nzito, jua mipaka. Batman: Arkham Shadow ya Oktoba 2024 inacheza kwenye Quest 3 na 3S pekee, Quest 2 haiingii. Half-Life: Alyx ya 2020 ni ya kompyuta pekee.

Haya, tuzitaje hedseti zenyewe.

Ningekuwa wewe, na hii ni ya kwanza, ningenunua Meta Quest 3S. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 ile ya GB 128. Ubongo wake ni uleule wa Quest 3, kwa hiyo gemu zote za Quest 3 zinaingia. Ilipopunguziwa ni kwenye macho: lenzi zake ni za Fresnel kama za Quest 2, na skrini ni 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Katikati unaona vizuri, pembeni panafifia. Kwa ndondi na muziki hutajali. Haina tundu la vipokea sauti vya waya, kwa hiyo tumia spika zake au vipokea sauti vya USB-C.

Quest 3 ya Oktoba 2023 ni dada yake mkubwa. Lenzi zake bapa, zinazoitwa pancake, zinaonyesha vizuri hadi pembeni, na skrini ni 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Uzito ni karibu sawa, gramu 515 kwa 514. Inunue kama unavaa hedseti kwa muda mrefu, unatazama filamu ndani yake, au unasoma maandishi madogo. Kwa mtu anayecheza nusu saa jioni, ile tofauti ya bei bora aiweke kwenye gemu na mkanda mzuri.

PlayStation VR2 ilitoka Februari 2023 kwa dola 549, na Machi 2025 Sony ikashusha hadi 399. Skrini zake ni za OLED, na weusi wake ni weusi kweli; gemu za kutisha ndani yake si za mtu mwenye moyo mdogo. Ina waya mmoja hadi kwenye PS5. Zingatia haya mawili: haifanyi kazi na PS4, na gemu za PlayStation VR ile ya kwanza ya 2016 haziingii. Ukiambiwa "hii VR ya PlayStation ni rahisi", uliza ni ya kwanza au ya pili. Ya kwanza inataka kamera ya pembeni, kisanduku cha waya na vipande kibao, na kipande kimoja kikikosekana umenunua pambo.

Kuna adapta ya kuiunganisha VR2 na kompyuta, iliyotoka Agosti 2024. Kompyuta iwe na tundu la DisplayPort na Bluetooth. Laptopu nyingi hazina tundu hilo. Angalia kabla ya kulipa.

Pico 4 utaiona mara moja moja. Ni hedseti nzuri yenye lenzi bapa na skrini za 2160 kwa 2160 kwa kila jicho. Duka lake la gemu ndilo dogo. Beat Saber haimo, kwa sababu kampuni iliyoitengeneza ni mali ya Meta tangu 2019. Pico inamfaa mwenye kompyuta ya gemu anayetaka kurusha picha kutoka kompyuta kwenda kwenye hedseti.

Na kama unayo kompyuta hiyo, usikimbilie hedseti ya waya. Nunua Quest ile ile na uiunganishe na kompyuta kwa waya wa USB-C, au kwa Wi-Fi kupitia programu ya Steam Link, ambayo ni ya bure. Half-Life: Alyx inataka angalau kadi ya GTX 1060 au RX 580 yenye GB 6, na RAM ya GB 12. Hiyo ni chini kabisa. RTX 3060 ndiyo inayokupa raha. Tumia rauta ya 5 GHz, iwe chumba kimoja na wewe, na kompyuta uichomeke kwenye rauta kwa waya. Picha zinasafiri ndani ya nyumba yako tu, hazipiti kwenye bando. Watu wengi wanalipia intaneti ya kasi kwa jambo ambalo rauta nzuri ingelimaliza.

Zile kofia za plastiki za kutia simu ndani, VR Box na ndugu zake, usizihesabu. Zinajua ukigeuza kichwa, hazijui ukipiga hatua wala mkono wako uko wapi. Google yenyewe iliacha kuuza Cardboard yake mwaka 2021. Kwa video za kuzunguka sawa. Kwa gemu, pesa hiyo iongeze kwenye akiba ya 3S.

Apple Vision Pro ya dola 3,499 si ya gemu. Tuendelee.

Mwili wako nao una sauti. Pima umbali kati ya mboni za macho yako. Simama mbele ya kioo, shika rula kwenye paji la uso, funga jicho moja kwa zamu, soma milimita. Watu wazima wengi wako karibu na 63. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu za lenzi: 58, 63 na 68. Ukiwa kwenye 60 au 66 huenda ukavumilia. Ukiwa chini sana ya 58 au juu sana ya 68, Quest 3 yenye gurudumu la kurekebisha itakuokoa na maumivu ya kichwa. Hiki ndicho kipimo ambacho watu hawachukui, halafu wanasema VR inaumiza macho.

Ukivaa miwani, nenda nayo dukani uijaribu ndani ya hedseti. Quest 3 ina kitufe cha kusogeza uso wa hedseti mbele. 3S inakuja na kipande cha kuongeza nafasi. Hakikisha kimo kwenye boksi. Miwani ikigusa lenzi, zote mbili zitachubuka.

Nywele ni jambo la kweli. Mkanda wa kitambaa unaokuja na Quest unapita juu ya utosi na kukaza nyuma. Kwa mwenye rasta, nywele za kusuka au hijabu, unateleza au unaumiza. Mkanda mgumu wenye gurudumu nyuma unakaa vizuri zaidi, kwa sababu unashika kisogo. Jaribu ukiwa umesuka vile unavyosuka siku zote. Ukienda na nywele fupi za wiki hii, wiki ijayo hedseti itakukataa.

Sponji ya usoni inanyonya jasho na haitoi. Nunua kifuniko cha silikoni siku hiyo hiyo. Na kama nyumba ina watu wengi, nunua viwili. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipita Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, na ukafika hapa Uganda. Hedseti inayopita uso hadi uso ni njia rahisi kabisa ya kuusambaza. Futa kifuniko kila anapobadilika mchezaji. Mwenye macho mekundu asivae, hata kama ni mgeni wako.

Lenzi zenyewe zifute kwa kitambaa laini kikavu cha miwani. Usitie spiriti. Usitumie kona ya fulana.

Watoto: Meta inaruhusu kuanzia miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi hadi wafike 13. Sony wanasema mtoto wa chini ya miaka 12 asitumie VR2. Fuata hayo. Kichwa cha mtoto ni kidogo, na macho yake yako karibu kuliko lenzi zinavyoweza kusogea. Mwenye kifafa azungumze na daktari kwanza.

Sasa akaunti, na hapa usiwe na haraka. Quest ni ya Meta, kampuni ileile ya Facebook, na Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Tangu Agosti 2022 Quest haidai tena akaunti ya Facebook. Inataka akaunti ya Meta. Kwa hiyo jaribu leo usiku, bila gharama: pakua programu ya Meta Horizon kwenye simu yako, kwa laini na Wi-Fi utakayotumia nyumbani, ufungue akaunti. Ingia kwenye duka la gemu, jaribu kuweka kadi yako ya Visa au Mastercard. Kama imekwama popote, umelijua tatizo ukiwa bado na pesa zako mkononi. Benki nyingi zinataka ukawaombe wafungue kadi kwa malipo ya mtandaoni, kwa hiyo wapigie.

Kwa PlayStation, Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network. Wachezaji wa hapa hutumia akaunti za nchi nyingine. Ukitumiwa kadi ya zawadi na ndugu aliye nje, lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti yako. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Mwambie kabla hajanunua.

Steam haina shida hiyo. Inauza hapa kwa dola.

Tukienda sokoni, jua kwamba Meta haiuzi Quest rasmi Uganda. Kila unayoiona mjini imeletwa na mtu: kutoka Dubai, Uingereza, Marekani. Maana yake waranti yako ni yule muuzaji. Muulize inadumu muda gani, inafunika nini, na aiandike. Dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, URA. Duka linalotoa risiti hiyo lina jina na anwani URA, na kesho utalikuta.

Kwa bei, zidisha mwenyewe. Dola 299 ni zaidi ya shilingi milioni moja, kabla ya usafiri na kodi. VAT ya 18% inahesabiwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Ukiagiza peke yako, mpe wakala wa forodha jina kamili la bidhaa na bei, akupe hesabu nzima kwa maandishi kabla hujalipa huko nje. Mara nyingi utakuta duka la mjini halijazidisha kama ulivyodhani. Lakini ukikutana na Quest 3 mpya kwa bei iliyo chini ya ile ya Marekani, ondoka. Hakuna anayesafirisha kitu kwa ndege ili apate hasara.

Kama una ndugu anakuja, ni njia nzuri. Mwombe asivunje boksi, abebe risiti, na hedseti iwe kwenye begi la mkononi kwa sababu ya betri. Akitoka Marekani, chaja itakuwa na meno ya huko. Tafuta adapta ya pini tatu. Angalia maandishi kwenye chaja: yakisema 100–240V, uko salama.

Kwa hedseti iliyotumika, kutaneni mchana, mahali penye watu, penye umeme na Wi-Fi. Mkahawa wa Bugolobi unafaa kuliko kona ya barabara. Mwambie kwa heshima: "Ssebo, naomba niiwashe hapahapa, niunganishe na simu yangu, halafu tulipane." Mwenye mali safi hatakataa.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu, ukitafuta mikwaruzo. Kisha vaa, fungua ukurasa mweupe, tafuta madoa yasiyosogea. Doa la njano au jeusi mara nyingi ni alama ya jua, na halitibiki.

Fungua kontrola uone sehemu ya betri. Kutu au unga mweupe maana yake betri zilivuja. Acha vidole mbali na vijiti, tazama kama menyu inajisogeza yenyewe. Ikijisogeza, kijiti kimechoka. Peleka mikono juu, chini, pembeni, uone kama mikono ya kwenye skrini inafuata.

Mwisho wa ukaguzi, mmiliki wa zamani aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako na kuirudisha katika hali ya kiwandani. Wewe uiunganishe na akaunti yako mpaka uone ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo unatuma Mobile Money.

Na kuna za kukataa hata ukipewa kwa nusu bei. Quest ya kwanza ya 2019 haipokei tena gemu mpya. Oculus Go imeachwa zamani. HP Reverb G2 na wenzake wa Windows Mixed Reality ni nzuri kwa macho, lakini Microsoft iliiondoa programu yao kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2. Quest 2 bado inacheza Beat Saber vizuri na si dhambi kuinunua kwa bei ndogo sana, ila gemu mpya kubwa zinaipita.

Kontrola za Quest 3 na 3S zinatumia betri za AA, moja kila upande. Zinapatikana hadi duka la jirani. Bora ununue nne za kuchaji na chaja yake, uwe na mbili mkononi na mbili ukutani. Funga kamba za mkononi kila mara. Kontrola moja ikitoroka, utanunua televisheni.

Wiki ya kwanza usijitie ushujaa. Cheza dakika 10 hadi 15, gemu ambazo wewe husogei kwa kijiti: Beat Saber, mpira wa meza, gofu. Ukianza kuhisi joto usoni, mate yakajaa, vua hapo hapo. Ukilazimisha, mwili utaikumbuka hedseti kwa kichefuchefu. Pumzika mpaka hali ipite kabisa, hata kama ni hadi kesho. Feni ikikupulizia usoni inasaidia, na inakuambia umeelekea upande gani.

Ukimaliza, usiiache kwenye kochi karibu na dirisha. Lenzi zile hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto, na dakika chache za jua la asubuhi zinatosha kuunguza skrini. Veranda za Mbuya zinazotazama Luzira na ziwa ni nzuri kwa chai; hedseti isifike huko. Iweke kwenye boksi lake au begi, lenzi zikitazama chini, na chaja uichomoe mvua ya radi ikianza.